Herufi ya Kumi

Injinia amenipa kikwangulio, ndoo mbili na siku tatu.
"Kwangua mpaka jiwe," kasema, "nataka jengo jipya."
Sikumjibu. Katika Malindi nzima
ni mimi ninayejua jengo hili limekuwa jipya mara ngapi.

Kinachodondoka kwanza ni kijani cha kampuni ya simu,
nilichokipaka mwenyewe mwaka ule wa uchaguzi,
na chini yake maneno niliyoyafukia: MITUMBA BEI POA.
Yanabanduka kama gaga la kidonda, nusu limepona,
nusu bado linauma.

Kisha waridi.
Waridi la Sinyora Ornella, aliyewauzia aiskrimu
Wataliano wenzake, waliokuja wakikimbia baridi ya kwao
wakaondoka wakikimbia mvua ya kwetu.
Alimlipa baba kwa herufi, shilingi kumi kila moja,
na baba, aliyejifunzia kusoma kwenye mabango ya watu,
akaandika GELLATO.
Sinyora akacheka mpaka akajishika kiuno,
akailipa na ile L ya ziada.
Ilinunua unga. Hiyo L niliila kwa mchicha.

Chini ya waridi, samawati ya Taibali:
majora, doti za leso, vifungo vya kuhesabiwa kimoja kimoja,
mizani ya shaba yenye kuegemea kwake.
Alipohamia Mombasa aliliacha daftari la madeni mezani, wazi.
Watu wakaingia mmoja mmoja, wakijitafuta.
Wako waliochana ukurasa wao wakautia kwapani.
Na wako waliolipa,
wakaweka sarafu juu ya meza tupu
wakatoka kinyumenyume, kana kwamba mwenyewe yupo.

Siku ya pili, chokaa.
Hapa palikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba
kabla baba hajazaliwa. Nyuzi zimenasa ukutani hadi leo,
nyeupe ndani ya nyeupe; ukikwangua zinakushika kidole.
Bibi yangu Kadzo alikuja kwa miguu kutoka Ganda
na kikapu kichwani. Alipimiwa mlango huu,
akapunjwa mlango huu huu, akalipwa,
akaingia mlango wa pili kununua chumvi
kwa yule yule aliyempimia.
Basi msinidanganye na mawe yenu ya msingi,
na utepe, na mkasi, na mgeni wa heshima.
Maduka haya yalifunguliwa siku ile,
na chumvi ile.

Siku ya tatu, jiwe.
Nyuma ya ngazi, chini ya kifuniko cha saruji,
nikakuta kisima. Nikateremsha tochi kwa kamba.
Kilichimbwa enzi za mashamba makubwa
na watu wasiolipwa kwa siku wala kwa kikapu,
sembuse kwa herufi.
Hakuna bango. Kuna mikato tu kwenye koo la kisima,
safu juu ya safu, yote ikilalia upande mmoja,
ila hapa, kimo cha mtu mmoja kwenda chini,
inalalia upande wa pili.
Huyu alikuwa na shoto.
Naijua mikato hiyo. Nami nina shoto.
Nilipigwa sana shuleni kwa sababu yake.

Jioni Injinia kaja na jina kwenye karatasi: UPEO PLAZA.
Nikamwambia, "Herufi kumi."
Akahesabu kwa kidole. "Tisa."
"Kumi," nikasema.
Hakucheka kama Sinyora. Akatazama simu yake,
akanihesabia pesa za tisa.

Nimeziandika zote tisa, zimenyooka, zinang'aa;
ukisimama sokoni unazisoma.
Ya kumi nimeiandika bure,
nimening'inia kwa kamba, tochi mdomoni,
kwa waridi lililobaki kwenye kopo la baba.
Msiniulize ni herufi gani.
Kesho mafundi watamwaga zege juu ya kifuniko,
na juu ya zege, nasikia, litakuja duka la viatu.